Mkono Ukishamgusa Majeruhi: Wajibu wa Mhudumu wa Dharura Unaanza Wapi na Unaishia Wapi

Wahudumu wengi wa ambulensi, kuanzia Nakuru hadi Kisumu, wanajua kufunga mguu uliovunjika hata kwenye giza la mtaro. Waulize mgonjwa anakuwa mikononi mwao kisheria tangu lini, na anatoka lini, kila mmoja atakupa jibu lake. Hapo mwanzoni na hapo mwishoni ndipo ninapoona watu wazuri, wenye ujuzi, wakiingia matatani. Ya katikati yanafundishwa vizuri darasani. Haya mawili yanapitwa haraka mno, na ndiyo nitakayokaa nayo zaidi.

Msingi ni Katiba ya Kenya ya 2010. Kifungu cha 43(2) kinasema kwa maneno machache kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Kisha Sheria ya Afya ya 2017, katika kifungu cha 7, ikataja matibabu hayo ni yapi: huduma kabla ya kufika hospitali, kutuliza hali ya mgonjwa, na kupanga rufaa pale kituo cha kwanza kinapokosa vifaa au uwezo. Soma tena hilo la kwanza. Kazi inayofanywa kwenye lami pale Salgaa imeandikwa katika sheria kuwa haki ya mgonjwa, si hisani ya mtu. Taasisi ya afya yenye uwezo wa kutoa huduma hiyo ikakosa kuitoa inaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 3. Na kwa kuwa Jedwali la Nne la Katiba limeweka huduma za ambulensi chini ya serikali za kaunti, ambulensi ya kaunti inayokaa wiki mbili bila mafuta si tatizo la bajeti peke yake. Kuna haki ya mtu iliyoegeshwa pale nyuma ya hospitali pamoja na gari.

Sasa, wajibu unaanza lini? Mtu anayepita tu halazimiki kama anavyolazimika aliye kazini. Dereva aliyehusika katika ajali ni habari nyingine: Sheria ya Trafiki inamtaka asimame na ajitambulishe, na asipofanya hivyo aripoti polisi kabla saa 24 hazijapita. Mhudumu aliye zamu hana hiari, kwa sababu simu ikishapokelewa na gari likatumwa, anayengojea ana haki ya kungojea. Katikati kuna kundi kubwa ambalo huku kwetu ndilo hufika kwanza, nalo ni vijana wa boda boda waliopata mafunzo ya huduma ya kwanza. Kwao kanuni ni hii: ukishaanza kumhudumia mtu, umejitwika. Ukimgeuza, ukamfunga jeraha, halafu ukaondoka kwa sababu abiria wako amepiga simu, umemwacha katika hali ambayo huenda ni mbaya kuliko ulivyomkuta, maana mwingine aliyetaka kusaidia alipokuona ameshaenda zake. Unamwacha tu ukishamkabidhi kwa mtu mwenye ujuzi sawa na wako au zaidi, au mahali pakiwa hatari kiasi cha kutishia uhai wako.

Hilo la hatari lisichukuliwe kuwa kisingizio. Tarehe 31 Januari 2009, tanki la petroli lililoanguka Sachangwan liliwaka moto watu wakiwa wamekusanyika kuchota mafuta, na zaidi ya 100 wakafa. Ukiona tanki limelala, simama mbali, upande upepo unakotokea na mahali pa juu, usiingie na kitu chochote kinachoweza kutoa cheche, na usukume umati nyuma kabla hujamfikiria majeruhi wa kwanza. Hakuna mahakama itakayokulaumu kwa kukataa kuingia ndani ya mvuke wa petroli.

Idhini ya mgonjwa ndipo penye kazi nzito, kwa hiyo tuitazame kwa karibu. Chukua mfano wa Kondele, mtaa wa Kisumu, Ijumaa usiku. Mwendeshaji boda ameanguka, helmeti imetupwa mbali, ana uvimbe juu ya sikio la kushoto na ananuka chang'aa. Ameketi ukingoni mwa barabara na anasema, "Mimi niko sawa, wacheni niende nyumbani." Wenzake wa stejini wanapiga kelele, nusu wanataka abebwe, nusu wanasema pikipiki itaibwa akiondoka.

Mhudumu mmoja atambeba kwa nguvu. Mwingine atachukua fomu, amwambie atie saini hapa, na gari liondoke. Wote wawili wamekosea. Wa kwanza amemshika mtu mzima bila ridhaa yake na bila kujua kama ana akili timamu ya kukataa. Wa pili amechukua saini ya mtu ambaye pengine hakuelewa anachokisaini, na saini kama hiyo haimkingi mtu yeyote. Uvimbe wa pale juu ya sikio unatisha kwa sababu mfupa wa fuvu hapo ni mwembamba, na nyuma yake unapita mshipa wa damu. Ukipasuka, damu hujikusanya kati ya fuvu na utando wa ubongo. Mtu anaweza kuzungumza vizuri kwa saa kadhaa, akaenda kulala, asiamke.

Kwanza zungumza naye, kwa lugha anayoielewa. Sheria ya Afya inataka mgonjwa aelezwe kwa lugha yake inapowezekana, na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha elimu. Kisumu huenda ikawa Kidholuo, Londiani Kikipsigis, Kakamega Kiluhya. Kama huijui, tafuta mtu wa kutafsiri na uandike jina lake. Chuchumaa, usimsemeshe ukiwa umesimama juu yake. "Omera, pole sana. Mimi ni mhudumu wa ambulensi. Umegonga kichwa, na hapa pamevimba. Naomba nikupime sukari na pumzi, sitakupeleka popote bila kukuambia." Wengi hukubali kupimwa hata kama wamekataa kubebwa.

Vipimo hivyo ndivyo vinavyoonyesha kama anao uwezo wa kuamua. Sukari ikiwa chini ya milimoli 4 kwa lita, oksijeni ikiwa imeshuka, au alama za Glasgow, yaani kipimo cha fahamu, zikiwa chini ya 15 ambazo ndizo kamili, usikubali neno lake la kukataa kuwa la mwisho, kwa maana ubongo wenyewe huenda umeingiliwa. Pombe peke yake haimwondolei mtu haki ya kukataa. Kinachopimwa ni mambo manne: je, anaelewa ulichomwambia, anakikumbuka baada ya dakika chache, anaweza kukipima kwa kulinganisha faida na hasara, na anaweza kukueleza uamuzi wake? Swali moja linafaa kuliko yote: "Niambie kwa maneno yako mwenyewe, ukienda nyumbani sasa, ni nini kinaweza kukupata?" Akijibu, "Naweza kuvujia damu kichwani nife usiku, lakini nitakaa na ndugu yangu na tukiona mabadiliko tutakuja," huyo anajua anachokikataa. Akijibu "Niko sawa" mara tatu mfululizo, hajakujibu.

Mwenye uwezo wa kuamua akikataa, ana haki hiyo, hata kama unaona anajiangamiza. Hapo kazi yako haijaisha. Mweleze hatari, mwombe tena, mpigie ndugu yake simu, na umpe huyo ndugu dalili za kutazama: kutapika zaidi ya mara moja, kichwa kuuma kunakozidi, usingizi usioamshika, mboni ya jicho moja kuwa kubwa kuliko nyingine, mkono au mguu kulegea, degedege. Mwambie apige simu tena wakati wowote bila kuona haya. Kisha saini, yake na ya shahidi asiye mwenzako wa gari. Asiye na uwezo wa kuamua unambeba, na kifungu cha 9 cha Sheria ya Afya kiko upande wako: hali ya dharura ni miongoni mwa mambo yanayoruhusu huduma bila idhini. Tumia nguvu ndogo kabisa inayotosha, omba polisi wasaidie ikibidi, na usimfunge mtu kifudifudi kwenye machela hata dakika moja. Mtu aliyelazwa kifudifudi huku amekandamizwa mgongoni hukosa nafasi ya kupanua kifua, na amekufa zaidi ya mmoja duniani kwa njia hiyo akiwa mikononi mwa waliotaka kumsaidia.

Kwa aliye chini ya miaka 18, mzazi au mlezi ndiye anayekubali, lakini maisha yakiwa hatarini usisubiri mzazi atoke shambani. Anza.

Kuna wagonjwa wanaoficha kilichowapata kwa kuogopa polisi. Huku kwenye mashamba ya mahindi na miwa, dawa ya kunyunyizia wadudu iko ndani ya nyumba, na wanaoinywa ili wajiue huletwa wakiambiwa ni malaria. Familia ilikuwa na sababu ya kuogopa, kwa kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Waambie hivyo familia, kwa sauti ya chini, kando na majirani, kisha uulize chupa iko wapi. Ilete hospitali hata kama ni tupu, kwa sababu jina la dawa ndilo litakalomwongoza daktari. Usimtapishe mgonjwa, vaa glavu, na umvue nguo zilizolowa, maana sumu hiyo hupita kwenye ngozi, ya kwake na ya kwako.

Majeruhi wakiwa wengi, maadili yanageuka sura. Makutano ya Londiani, tarehe 30 Juni 2023, lori lilivamia magari, wachuuzi na wapita njia, na zaidi ya watu 50 wakapoteza maisha. Mahali kama pale hushughulikii mtu mmoja mpaka umalize. Unapita kwa kila mmoja kwa sekunde zisizozidi 30 hivi, ukimpa rangi inayoonyesha uharaka wake. Anayeweza kutembea anaelekezwa pembeni, kijani. Asiyepumua hata baada ya kufunguliwa njia ya hewa, mweusi, unaendelea na mwingine. Anayepumua zaidi ya mara 30 kwa dakika, asiye na mpigo kwenye kifundo cha mkono, au asiyeweza kutii amri rahisi kama "kaza mkono wangu", mwekundu. Waliobaki njano. Kumwacha asiyepumua huku mama yake akikushika mguu ni jambo zito kuliko yote katika kazi hii, na ni sahihi, kwa sababu dakika kumi za kumbonyeza kifua yeye ni damu ya wawili wanaovuja pembeni. Kisichokubalika ni kupanga kwa kigezo kingine chochote, iwe cheo, kabila, nguo, anayepiga kelele zaidi au jamaa wa dereva wako. Na wapime tena baada ya kumaliza mzunguko, kwani wa njano hugeuka mwekundu haraka.

Juu ya mipaka ya ujuzi sina mengi. Kifungu cha 243 cha Kanuni ya Adhabu kinamgusa anayetoa matibabu kwa pupa au uzembe unaohatarisha maisha, na mahakama ya madai itauliza mwenye mafunzo kama yako angefanya nini pale. Kwa hiyo usiingize mrija wa hewa kooni kwa kuwa uliona video. Lakini pia usikose kufanya ulichofundishwa. Damu inayoruka kutoka kwenye paja haingoji daktari: bonyeza moja kwa moja, ikishindikana funga mkanda wa kukaza sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, usiufunge kwenye goti lenyewe, kaza mpaka damu ikome, andika saa, na usiulegeze njiani. Kosa ninalolisikia mara nyingi ni mkanda uliokazwa nusu. Huo unaziba mishipa inayorudisha damu moyoni na kuiacha wazi ile inayoileta, na mgonjwa anavuja zaidi kuliko kama hukugusa.

Palipotendeka uhalifu, uhai wa mgonjwa unatangulia, ila usiharibu kisichohitaji kuharibiwa. Ukikata shati, zungusha mkasi mbali na tundu la kisu au risasi. Nguo zenye damu zitie kwenye mfuko wa karatasi, kwa sababu kwenye plastiki zinaoza. Aliyejeruhiwa kingono asiogeshwe wala asibadilishwe nguo kabla ya kuonwa na daktari, na apelekwe hospitali kwanza hata kama hajaripoti polisi: dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora. Fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari hujaza majeraha, inaweza kufuata.

Simu ya mkononi imekuwa balaa. Picha ya majeruhi aliyelala lami ikiingia kwenye kundi la WhatsApp, mkewe anajua kabla hajapigiwa. Taarifa za afya zinalindwa na Sheria ya Afya na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na hali ya Ukimwi ya mtu ina ulinzi wake wa tangu 2006. Jirani akikunong'oneza kwamba mgonjwa ana virusi, unamwambia daktari anayempokea, si dereva, si askari wa lango. Kama picha ya gari lililopondeka itamsaidia daktari kuelewa nguvu ya mgongano, ipige bila sura wala namba ya gari, mwonyeshe, kisha uifute.

Sasa twende langoni, kwa sababu hapo ndipo penye maumivu ya nchi hii. Mwaka 2015 jijini Nairobi majeruhi wa ajali alikaa saa 18 ndani ya ambulensi akitafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi, na akafa. Sheria ya Afya ilikuja miaka miwili baadaye. Bado unaweza kufika usiku ukaambiwa na askari wa lango kwamba hakuna nafasi, au na mhasibu kwamba lipa amana kwanza.

Askari na mhasibu hawana mamlaka ya kumkataa mgonjwa wa dharura. Ombi lako liwe moja, kwa heshima na kwa uwazi: "Daktari au muuguzi wa zamu amwone mgonjwa huyu sasa." Taja kifungu cha 7 cha Sheria ya Afya ukihitaji. Hata kama kitanda hakipo, kituo chenye uwezo kinadaiwa kumtuliza: kufungua njia ya hewa, kuzuia damu, oksijeni, dripu. Kitanda na kutuliza ni mambo mawili, na kuyachanganya ndiko kunakoua watu kwenye maegesho. Andika saa uliyofika, jina la uliyezungumza naye, na maneno yake kama alivyoyasema.

Ikiamuliwa apelekwe mbele, mathalani kutoka Kisumu hadi hospitali ya rufaa ya Moi kule Eldoret, usiwashe gari kabla ya kupata barua ya rufaa, jina la daktari aliyekubali kumpokea upande ule, na hesabu ya oksijeni. Hesabu hiyo ifanywe kwa kalamu. Silinda ya lita 680, mgonjwa akitumia lita 10 kwa dakika, inaisha baada ya dakika 68. Safari ya kupitia Kapsabet inachukua zaidi ya saa 2 hata barabara ikiwa tupu. Unahitaji lita 1,200 kwa saa 2 peke yake, ongeza nusu yake kwa ajili ya foleni, mvua na gurudumu kupasuka, na unafika 1,800, yaani silinda tatu za namna hiyo. Ukiondoka na moja kwa sababu ndiyo iliyokuwepo, mgonjwa atakosa hewa milimani Nandi, na jina litakaloulizwa ni lako. Una haki ya kusema gari haliko tayari. Liseme kabla ya kuondoka.

Makabidhiano yenyewe hayahitaji zaidi ya dakika moja, lakini dakika hiyo wote wanyamaze. Umri na saa ya tukio, kilichotokea, majeraha uliyoyaona, vipimo vya kwanza na vya mwisho, uliyoyafanya na saa uliyoyafanya. Saa ziandikwe kwa mtindo wa 24, bila kubahatisha. Ndugu akikuambia mzee alianza kupooza "saa nane", muulize mchana au usiku, kisha uandike 14:00 au 02:00. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye ubongo hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na kosa la saa kwenye fomu yako linaweza kumnyima mzee mkono wake wa kulia.

Fomu hiyo huenda ikasomwa mahakamani, kwa kuwa madai ya uzembe yanaweza kufunguliwa ndani ya miaka 3, na kufikia hapo utakuwa umewabeba wengine wengi na hukumbuki huyu. Vipimo kila dakika 5 kwa aliye mahututi, kila 15 kwa aliyetulia. Andika "ananuka pombe, anaongea kwa kukokota", usiandike "mlevi". Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya neno, tia herufi za jina lako na saa. Ukifuta kwa rangi nyeupe, wakili ataanzia hapo.

Mali ya mgonjwa ihesabiwe mbele ya shahidi, kwa sababu ajalini watu huibiwa na lawama huwaendea waliovaa sare. Orodhesha kama unavyoona: simu moja nyeusi yenye kioo kilichopasuka, shilingi 2,350 taslimu, kitambulisho, pete ya rangi ya dhahabu. Usiandike "pete ya dhahabu", hujui. Anayepokea atie saini, jina lake lisomeke, na nakala moja ibaki kwenye faili la mgonjwa. Akikataa kusaini, andika kwamba amekataa, saa ngapi, na nani alikuwepo, kisha mpigie msimamizi wako simu ukiwa bado ndani ya chumba cha dharura, mgonjwa akiwa mbele ya macho yako.